Zabibu za Meza Kuu

Kosa langu la kwanza katika kazi ya chakula cha sherehe ni kwamba sikuosha zabibu. Zilikuwa na ule unga mweupe mwembamba juu ya ganda, nikaogopa maji yangeuondoa na zionekane za jana. Zilitoka nje ya nchi, kwenye boksi safi lenye stika. Niliiamini stika.

Mapeasi ya mama, niliyoyachuma mwenyewe nyuma ya nyumba yetu hapa Lushoto, niliyaosha mara tatu kwa maji yaliyochemshwa. Kazi hii nilijifundisha kwenye simu, na katika daftari langu nilikuwa nimeandika kwa mwandiko mzuri: matunda ya nyumbani yana samadi.

Ilikuwa sherehe ya kipaimara. Zabibu zilikuwa chache, nikazipanga meza kuu tu, kando ya mapeasi. Waliokaa kwenye maturubai walikula mapeasi peke yake. Kesho yake watu wa meza kuu walikuwa wakitapika na kuhara. Mama mdogo, aliyekuwa msimamizi wa mtoto, alilazwa na kutundikiwa dripu.

Lawama zikaenda kwa mapeasi. Sokoni mwanamke mmoja alimuuliza mama, "Dada, haya unauza pamoja na tishu?"

Watu wakacheka. Mama naye akacheka kidogo, kisha akafunika tenga lake kwa kanga. Nilikuwa nimesimama pembeni yake. Nilishahisi ni zabibu, na nikanyamaza, kwa sababu nilitaka sana nionekane fundi.

Siku ya tatu bwana afya alikuja nyumbani. Alikuwa ameshapita akiuliza nani alikula nini. Wa kwenye maturubai wote walikuwa wazima. Korogwe nako watu walikuwa wameugua, kwa zabibu za mzigo uleule.

"Zabibu uliziosha?"

"Hapana."

Mama akageuka. "Na yangu?"

"Mara tatu."

Mama aliinuka akaenda kuwapa kuku maji, na kuku walikuwa na maji tayari.

Bwana afya alieleza ukweli sokoni. Mama mdogo alipona. Lakini msimu uliofuata, mama aliposhusha tenga, bado walimwita Mama Dripu. Alirudi nalo limejaa.

Siku hizi naosha kila tunda, hata lenye stika. Mama hauzi tena mapeasi. Yanaanguka nyuma ya nyumba na kuoza.