Mbio za Kijiti kwa Lugha ya Jikoni

Niseme ukweli, sikwenda pale kwa moyo mzuri. Nilikwenda kwa sababu mama alichoka kuniona nimekaa nyumbani. Nilikuwa na cheti changu cha fomu foo kutoka Mombasa, na London hii hakuna ofisi iliyokitaka. Mama akasema, "Nenda kajitolee, angalau utoke."

Miaka ile Wahindi wa Afrika Mashariki tulikuwa tunamiminika Harrow, pembezoni mwa London, na kabla hata hawajapata nyumba yenye joto, wakubwa wetu walishaunda kamati. Kila Jumamosi asubuhi kamati ilikodi ukumbi wa shule kwa michezo ya watu wenye ulemavu wa akili. Waliojitolea walikuwa wengi kuliko wachezaji. Walikuja na makoti mapya, wakanywa chai, wakasema "masikini", wakapigwa picha, wakaenda zao. Katibu, aliyekuwa na duka la vitambaa Nakuru, alijishonea beji.

Kocha alikuwa mama wa Kizungu, mwalimu mstaafu mwenye filimbi. Alieleza kila kitu kwa Kiingereza cha kupiga kelele, neno moja moja, kama anaongea na mtu aliye ng'ambo ya mto.

Kulikuwa na msichana mmoja, miaka ishirini na mbili, naye ametoka Nakuru. Ukimpa kile kijiti cha mbio za kupokezana, anakitazama tu. Kocha akaandika kwamba haelewi. Kila mtu akakubali. Akapelekwa jikoni kupaka mikate siagi.

Siku moja nilikuwa naye huko nikinung'unika peke yangu, "Lo, leo tutalala hapa."

Akageuka kama umeme. "Wewe unajua Kiswahili!"

"Kwani wewe unajua?"

"Mimi najua. Wale hawajui." Akaweka kisu chini. "Dada, mimi nataka kukimbia. Sitaki mkate."

Kumbe kule kwao alikuwa anafichwa. Wageni wakija, anapelekwa nyuma kwa yaya, maana dada zake walikuwa hawajaolewa, na nani angeposa nyumba yenye binti wa namna hiyo? Basi akakulia jikoni, na lugha aliyoishika ni ya jikoni. Hapa wanamjaribu kwa Kiingereza na Kigujarati, halafu wanashangaa.

Nikamfundisha wiki tatu kule uani, tukitumia mwiko badala ya kijiti. Alishika upesi kuliko baadhi ya wanakamati.

Katibu alitusikia. Akanivuta pembeni, akaniambia kwa Kigujarati, "Beti, binti yangu, lugha ya maboi si hapa. Mzungu atadhani tumetoka porini. Nikikusikia tena siku ya kuchagua timu, jina lake nalitoa mimi mwenyewe."

Watu wazima, nchi imewatema, bado wanaogopa kusikika wakiongea na mpishi!

Siku ya kuchagua timu, mama wa yule msichana alikuja kwa mara ya kwanza, sari chini ya koti, akakaa benchi la mwisho, karibu nami. Nafasi zilikuwa nne, tatu zimejaa. Kocha akapayuka maelezo yake. Mkimbiaji mwenzake akamletea msichana kijiti. Yeye akamtazama kocha mdomoni, akiyasubiri maneno. Kijiti kikaanguka. Watu wa chai wakasema "masikini".

"Mara ya mwisho," kocha akasema, kalamu iko tayari.

Katibu alikuwa ananikodolea macho. Nikainama kwa yule mama. "Aunty, mwambie wewe. Kwa Kiswahili."

"Mimi sijui Kiswahili."

Miaka yote ile ya kumfokea boi na yaya, leo hajui! Nilimdharau hata nikaona aibu kukaa benchi moja naye.

"Basi, Aunty," nikamwambia, "akirudi jikoni, ni wewe umemrudisha."

Filimbi ikalia. Mwenzake akaanza kukimbia na kijiti. Ghafla mama akasimama, na sauti iliyotoka ilikuwa ileile ya kuamrisha watumishi.

"Wewe! Ngoja! Yeye naleta, ngoja! Haya, shika! Kimbia sasa! Upesi, upesi, wewe!"

Kiswahili kibovu kuliko vyote nilivyowahi kusikia. Msichana akashika, akakimbia, akapita mstari, akaenda kujigonga ukutani kwa viganja viwili, anacheka. Kocha akaandika jina la nne. Katibu alikuwa anachunguza viatu vyake.

Mama akakaa, akajifunga koti. "Usimwambie mtu," akaninong'oneza, na ukumbi mzima ulishasikia.

Binti akaja mbio, jasho linamtiririka, akasimama mbele yake.

"Mama," akasema, "umeniita mbele ya watu."