Sahihi ya Umi

Mahfudh alikuwa na mke, lakini ungeingia chumbani kwake usingejua. Sahani moja, kijiko kimoja. Mchana alipanga maboksi kwenye bohari kule Eagan, ughaibuni, jioni akasoma chuo. Alipoondoka Mombasa mwaka 1991 alimwacha huko mkewe, Umi, kwa ahadi ya kumleta. Viza haikupatikana, na aibu ikamfunga mdomo. Miaka miwili sasa hata barua hakuwa ameandika. Mtu mzima huyo!

Februari 1999 alikwenda maktaba ya Saint Louis Park, ambako Keziah, Mkenya mwenzake, aliwajazia watu fomu za kodi bure. Serikali ilikuwa imeanzisha nafuu ya kodi kwa wanaolipa karo.

"Umeoa, kaka?"

"Nimeoa."

"Basi ukijaza peke yako, nafuu ya karo huipati. Jazeni pamoja. Mkeo atie sahihi hapa, chini ya yako."

Siku ileile akaituma fomu Mombasa. Karo ilikuwa kisingizio tu. Upweke ulikuwa umemchosha, na alitaka kuliona jina la Umi chini ya lake, ajue bado ana mtu. Lakini salamu, wapi! Alitia fomu tu kwenye bahasha, na alama ya kalamu nyekundu pa kutia sahihi.

Katikati ya Machi ikarudi. Pa Umi palikuwa peupe. Pamoja nayo kulikuwa na cheti cha kadhi na mistari michache: "Kadhi ameivunja ndoa yetu tarehe 28 Desemba, kwa kuwa ulinitelekeza. Fomu yako imenikuta nimekaa eda. Nimeipekua bahasha nikitafuta barua, sikuiona. Ungeniuliza hali tu, Mahfudh."

Akampelekea Keziah cheti. Keziah akaisoma tarehe mara mbili.

"Pole sana, kaka." Kisha akamweleza taratibu kwamba watu wa kodi hutazama hali ya mtu siku ya mwisho ya Desemba. Kwa kuwa ndoa ilivunjwa siku tatu kabla ya hapo, Mahfudh alihesabiwa hana mke mwaka mzima uliopita. "Na asiye na mke nafuu ya karo anaipata. Utaipata yote."

Mahfudh akatia sahihi fomu mpya, peke yake. Halafu akaomba karatasi tupu. Akaandika, "Umi, hujambo?" Hapo kalamu ikasimama, kwa sababu hakujua kama bado ana haki ya kumuuliza.