Cherehani ya Sebuleni kwa Roselyne

Nyanchera alitoka Molo wakati wa vita vya uchaguzi, mtoto mgongoni na sufuria mkononi. Mumewe alibaki ndani ya nyumba iliyochomwa. Alirudi kwao Nyacheki akakuta baba amekwisha kufa na boma ni la kaka yake, Ogari, aliyempa jiko la zamani alale humo. Mke wa Ogari hakuacha siku ipite bila kuuliza, kwa sauti ya kufika barabarani, mgeni huyu ataondoka lini. Mgeni! Binti aliyezaliwa hapo hapo.

Alichuma chai ya watu hadi mtoto yule wa mgongoni akaingia sekondari. Ndipo msaada wa waathiriwa ulipowasili, umechelewa kama kawaida yake, na wanawake wakaanza kufundishwa ushonaji katika ukumbi wa kanisa Nyamache. Nyanchera aliishika kazi hiyo kwa mikono miwili. Kabla mafunzo hayajaisha, kina mama wa jirani walikuwa wakimletea vitambaa awashonee watoto sare. Akipata cherehani tu, angepanga chumba sokoni Nyamache na kuliacha jiko la watu.

Kila mwanamke alikuwa ameahidiwa yake. Ilikuja moja kwa kila kikundi. Mwenyekiti wa kikundi chao alikuwa Roselyne, ambaye hata moshi wa vita hakuuona. Mumewe ana duka Masimba na ni mzee wa kanisa, na hiyo ilitosha kumfanya mwathiriwa. Cherehani ikaenda sebuleni kwake, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake yakawekwa maua ya plastiki.

"Mama Fred," Nyanchera alimwambia Roselyne mbele ya wenzao, "tufanye kama egesangio. Wiki hii ikae kwangu, ijayo kwa Bosibori, hivyo hivyo mpaka izunguke."

Mama zetu walilimiana mashamba kwa zamu namna hiyo, na hawakuwa na mwenyekiti wala mhuri. Siku hizi ukitaja egesangio watu wanakutazama kama umekuja umevaa ngozi.

"Kwako wapi, dada?" Roselyne akauliza. "Kwenye jiko la Ogari? Si itavuta moshi ianze kukohoa?"

Wakacheka wote. Bosibori naye, aliyelala na Nyanchera kambini walipokimbia vita, alicheka huku akinywa chai ya Roselyne.

"Ikae hapa kwanza. Wafadhili wakija wakute imechubuka, tutasema nini?"

Shule zilikaribia kufunguliwa. Nyanchera alishona kwa mkono, na kina mama wakaja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa.

Wafadhili walifika Jumapili. Cherehani ikabebwa hadi uwanja wa kanisa, na Nyanchera akaambiwa aketi nayo.

"Vaa ile leso iliyochakaa," Roselyne alimwagiza. "Na usichekecheke."

Hotuba zilipoanza, Nyanchera alitoa shati la sare alilokuwa ameliacha nusu, akaanza kukanyaga. Mlio ukajaa uwanjani. Roselyne akainama sikioni mwake. "Pole pole, mama. Mgeni anaongea." Nyanchera hakupunguza. Wageni wakafurahi, wakampiga picha, wakampigia makofi. Soda zilipoisha, shati lilikuwa limebakiza vifungo tu.

Magari yalipoondoka, vijana wawili wakaibeba cherehani kuirudisha sebuleni. Nyanchera aliwafuata. Wenzake walikuwa tayari humo wakigawana mandazi yaliyobaki. Akapiga magoti, akautoa mkanda unaoifanya ile mashine izunguke, akaukunja.

"Mama Fred, nimechukua mkanda. Mashine kaa nayo. Anayetaka kushona aje kwangu tupange zamu."

Roselyne alikuwa anatafuna. Hakugeuka. "Chukua tu. Ila uifunike vizuri kwa kile kitambaa."

Nyanchera alingoja muhula mzima mtu aje kuulizia mkanda. Bosibori alipita mara moja, akaomba chumvi, akapewa, akaenda zake.