Kwenda Bonga Kurekebisha Anwani Niliyoitaja kwa Simu

Mimi safari huwa naziangalia dirishani, hapa Nakwa. Ila juzi saa mbili asubuhi dada yangu, Mama Neema, alinipigia kutoka Bonga. Jana yake alifunga ruta mpya ya intaneti katika duka lake la kuchapa na kutoa kopi. Mimi nilimsomea tarakimu kwa simu, yeye akajaza. Sasa taa zote zinawaka, lakini hakuna tovuti inayofunguka. Na saa kumi jioni ndiyo mwisho wa binti yake kuthibitisha nafasi ya chuo cha uuguzi.

"Hebu nisomee hapo..." nilianza.

"Sisomi. Njoo."

Saa nne nilipanda bodaboda. Barabara ya Dodoma ni lami safi, ila nilimng'ang'ania dereva kama tunavuka mto.

"Mzee, pumua," akaniambia. Nina miaka thelathini na minne.

Bonga. Dada alihamia fremu hii ya duka mwaka jana, nami sikuwahi kufika. Nilimwonyesha muuza maharage namba ya fremu.

"Namba ya nini? Unamtafuta nani?"

"Mama Neema."

"Si ungesema! Pale, ukipita mashine ya kusaga."

Dukani nikamwamkia dada.

"Marahaba. Kumbe una miguu!"

Neema hakucheka, alikuwa anaangalia saa. Nilifungua mipangilio ya ruta. Sisi hukumbuka majina ya tovuti, mashine hutumia namba. Kwa hiyo ruta lazima iwe na pa kuuliza jina hili ni namba gani. Mahali hapo, panapoitwa DNS, palikuwa na ile anwani niliyomsomea dada, ya ruta ya sebuleni kwangu, isiyojulikana nje ya kuta zangu. Duka zima lilikuwa likiuliza njia kwa mtu asiyetoka nyumbani.

Ningeweza kusingizia mtandao. Neema alikuwa ananitazama.

"Nimekosea mimi, Neema."

"Endelea tu, anko."

Niliweka anwani ya kampuni inayowapa intaneti, nikaizima ruta na kuiwasha. Ukurasa ukafunguka. Neema akabonyeza, akasoma "Umethibitishwa" mara mbili, akaingia nyuma ya pazia, akalia.

Jioni, njiani kurudi, sikumshika dereva, nilikuwa nawaza. Mwaka mzima nimeuliza habari za duka kwa simu, nikajibiwa nzuri. Sikujua kuwa lina kompyuta moja na kiti kimoja. Hicho kiti dada alinipa mimi. Yeye alisimama mpaka naondoka.