Kujiinua kwa Viganja

Walituambia wasichana kazi yetu ni kuimba na kushika maua. Mpaka leo nikikumbuka neno hilo damu inanichemka.

Ilikuwa Kamina, enzi za Wabelgiji, katika masomo ya misioni. Kwa ajili ya sikukuu, mwalimu wetu alikuwa akiwafundisha wavulana mazoezi ya kukaa chini. Unakaa miguu imenyooka, halafu unakaa umeikunja, halafu mmoja umekunjwa na mwingine umenyooka. Hayo kila mtu anaweza. Kazi ilikuwa katikati, kutoka mkao huu kwenda ule, maana kusimama kulikatazwa. Ilibidi ukite viganja chini, uinue matako, urushe miguu nyuma, kisha uipitishe tena kati ya mikono ukae, bila kuiburuta. Wavulana waliiburuta wakapasua kaputula, mwalimu akabaki kufoka.

Mimi nilicheka. Kwetu watu wakila mkekani, msichana hasimami mbele yao akawazidi kimo. Akiitwa kuleta chumvi, anaweka kibakuli mapajani na kuja mkekani kwa viganja: anajiinua, anasogeza miguu mbele, anakaa, anajiinua tena. Nkambo, mama yake baba, ndiye aliyenifundisha, na nikiburuta mguu alinifinya. Mabega yangu yalishaiva zamani.

Nikamwomba mwalimu aniweke mstarini. Akakataa, eti miguu ya msichana hewani mbele ya watu ni kukosa haya. Nikamwambia nitavaa kaputula ya kaka yangu chini ya gauni. Akaapa kwamba nikithubutu, masomo basi. Na masomo niliyapenda kuliko chakula. Msichana aliyetolewa masomo wakati ule alikaa tu kungoja kuolewa.

Siku ya sikukuu nikapiga moyo konde. Firimbi ilipolia niliweka maua chini, nikachomekea gauni ndani ya kaputula, nikakaa mwisho wa mstari wa wavulana. Nikajiinua, nikarusha miguu, nikairudisha, nikakaa. Haikuburuzika hata kidogo. Watu walipiga makofi, mwalimu akanuna.

Jioni alikuja nyumbani kumwambia baba nisirudi tena. Baba alikuwa karani, mtu asiyependa ugomvi. Aliinamisha kichwa tu. Lakini mgeni hakatazwi bukari, ugali wetu, hata akileta maneno mabaya, na nyumba yetu ilikuwa ya nkambo, hakuna aliyekula mezani. Wakaketi mkekani kula, mimi nikabaki mlangoni nalia kwa hasira.

Mwalimu akaomba chumvi. Nilipotaka kuingia, nkambo alinizuia kwa mkono. Akaweka kibakuli mapajani mwake, akakita viganja chini, akajiinua. Mwanamke mzee yule, mifupa mitupu, alivuka mkeka wote hivyo mpaka mbele ya mwalimu, na chumvi haikumwagika.

“Mwalimu,” akasema, “ule mutoto, miye njo nilimufundisha. Kama kupita hivi iko kukosa haya, basi hii chumvi usikule.”

Baba aliinua kichwa. Mwalimu alikitazama kibakuli, tonge limepoa mkononi mwake. Kisha akalichovya kwenye chumvi, akala.

Kesho yake nilienda masomo, na kaputula chini ya gauni.