Miiba ya Karani Efraimu

Efraimu Sumari hakuwahi kuiba, hakuwahi kumpiga mtu, na kanisani Nkoaranga hakuna Jumapili aliyotengwa na ushirika. Kosa lake maishani lilikuwa moja: alitengeneza kitu, kikafanya kazi. Wengi wetu hutengeneza vitu vikaharibika kesho yake, tukacheka, tukaendelea na maisha. Yeye hakupata bahati hiyo.

Mwaka 1910 alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, Mmeru, mwenye mwandiko uliowafanya walimu wa misheni wampitishe mkono kwa mkono kama mkate. Mwandiko huo ndio uliompeleka kwenye shamba la kahawa la Mjerumani mmoja kando ya Mto Themi, chini ya Boma la Arusha. Mkataba wake ulikuwa wa siku mia na themanini. Alizihesabu kabla hajaweka sahihi na akaona zinakwisha wiki tatu kabla ya Pasaka. Pasaka ndiyo alikuwa akiitaka, maana Jumatatu yake angemwoa Eunike. Baba wa binti alikuwa amesema wazi mbele ya wazee: Pasaka hiyo, si nyingine. Kulikuwa na mjane mmoja wa kiume, mwenye ng'ombe wengi, aliyekuwa anamwulizia binti.

Mjerumani yule wafanyakazi walimwita Bwana Funguo, kwa sababu ya ufunguo mdogo ulioning'inia kwenye mnyororo wa saa yake. Ufunguo ule ulifungua kitu kimoja tu, nacho ni sanduku la kuandikia. Lilikuwa limetoka Ulaya, likapanda gari la maksai la Kaburu kutoka Moshi, likateremshwa kwa sauti ya chini kuliko ile inayotumika kuteremsha mgonjwa.

Lilikuwa sanduku la chuma lenye kidirisha juu na mkono wa kuzungushia ubavuni. Nyuma yake yaliingia magombo mawili ya karatasi ndefu isiyokatika, kila hatua ya shubiri moja imepigwa namba na kuchorwa mistari: jina la mtu, na siku alizofanya kazi wiki ile. Kati ya karatasi ya juu na ya chini ililala karatasi nyeusi. Karani aliandika pale kidirishani mara moja tu, maandishi yakashuka mpaka chini. Kisha alizungusha mkono. Karatasi ya juu ikatoka nje, akaichana, akampa mwenyewe. Ile ya chini haikutoka. Ilijiviringisha tumboni mwa sanduku, na tumbo lile ndilo lililofungwa kwa ufunguo.

Bwana Funguo hakuamini karatasi walizoshika watu mikononi. Alisema zinaweza kughushiwa. Mtu akimaliza mkataba, yeye hulifungua tumbo, huzisoma zilizomo, na neno lake la mwisho lilikuwa hilohilo siku zote: kisichomo sandukuni hakikufanyika.

Sasa, sanduku lenyewe lilikuwa na ugonjwa. Karatasi ya chini ilikuwa nzito kuliko ya juu, na kila mkono ulipozungushwa ilibaki nyuma kidogo, upana wa unywele tu. Kwa mtu wa kwanza haikuonekana. Kwa mtu wa kumi ilionekana kwa aliyejua pa kutazama. Ikifika kwa mtu wa arobaini, jina lilikuwa linaangukia namba moja na siku zake zinaangukia namba inayofuata, juu ya jina la mwenzake, vikawa vurugu tupu.

Mtu wa mwisho kwenye mstari kila Jumamosi alikuwa Koikai. Alikuwa Mwarusha mrefu, mpole wa sauti, aliyelima kwa maksai. Asingeweza kuja kuandikwa kabla hajawafungua ng'ombe nira na kuwanywesha, kwa hiyo alifika wenzake wakiwa wameshaondoka. Mwezi wa Januari alimaliza mkataba wake. Alikuja amejipaka mafuta, rubega safi, karatasi zake zote zimefungwa kwenye kipande cha ngozi. Bwana Funguo akalifungua tumbo, akasoma, akatikisa kichwa. Wiki kumi na mbili zilikuwa na jina la Koikai na hazikuwa na siku.

"Rudi kwenye jembe," alisema. "Wiki kumi na mbili."

"Bwana, huyu alifanya kazi," Efraimu alisema. "Niliandika mwenyewe. Karatasi ndiyo imeteleza."

"Sanduku halina ndugu," Bwana Funguo akajibu, akafunga.

Koikai alizifunga karatasi zake tena kwenye ngozi, taratibu, akarudi kwa maksai. Efraimu aliona aibu ambayo hajawahi kuiona. Mkono ulioandika ulikuwa wake, na mwandiko uliokuwa ukisifiwa Meru nzima ndio uliomrudisha mtu shambani.

Wiki ile maksai mmoja alikufa. Efraimu alimkuta Koikai amepiga magoti akiiwamba ngozi yake chini, vigingi vimepita kwenye matundu ya pembeni kuizunguka yote. Akasimama anatazama.

"Haisogei?" aliuliza.

"Itasogea vipi, karani?" Koikai alicheka. "Nimeishika pembeni kote."

Efraimu alirudi ofisini mbio kama mtu aliyesahau chungu motoni. Ndani ya sanduku, chini ya kidirisha, kulikuwa na rola ya mti iliyovuta karatasi. Alichuma miiba ya mgunga, akaichoma ncha kidogo ili iwe migumu, akaipachika kwenye rola ile, safu moja kushoto na safu moja kulia, kwa vipimo vilivyolingana. Kisha akachukua msharasi wa fundi viatu akatoboa pembeni mwa karatasi zote mbili kwa pamoja. Miiba ikaingia kwenye matundu. Akazungusha. Karatasi zikaenda pamoja, hakuna ya mbele wala ya nyuma. Jumamosi iliyofuata, alipomaliza kumwandika Koikai, alimwomba Bwana Funguo afungue. Jina lilikuwa mahali pake na siku sita zilikuwa mahali pake.

Bwana Funguo alicheka. Walioshuhudia walisema hawakujua kwamba ana meno mengi hivyo. Alimshika Efraimu bega, akamwita fundi, akaeleza wageni wake habari za miiba mpaka wakachoka. Na Efraimu, masikini, alilala ana furaha. Hapo ndipo ninapomhurumia.

Siku yake ya mia na themanini ilipofika alikwenda kuomba cheti cha kuachiliwa. Cheti hicho nacho kilitoka sandukuni, na mtu aliyeonekana njiani bila hicho alikuwa mtoro. Askari wa Boma walimrudisha kwa hamsa wa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, na mchungaji hakufungisha ndoa ya mtu anayetafutwa.

"Miiba ikivunjika," Bwana Funguo aliuliza, "nani anajua kuirudisha?"

"Mimi, Bwana."

"Na matundu, nani anajua kuyalinganisha?"

Efraimu akaitazama miiba. Ilivunjika kila wiki, na yeye peke yake ndiye aliyejua kipimo.

"Basi andika mkataba mwingine. Siku mia na themanini."

"Bwana, nina harusi."

"Andika. Au niwaite askari waje waandike wao mgongoni."

Akaandika. Jina lake mwenyewe, kwa mwandiko wake mwenyewe. Mkono ulipokuwa unazunguka, lilimjia wazo kwamba anaweza kusema baadaye kuwa karatasi iliteleza, kwamba lile si jina lake pale. Zamani mtu angeweza kusema hivyo. Sasa haiwezekani. Aliisikia miiba ikiingia kwenye matundu, tik, tik, tik, na jina lake likaingia tumboni likiwa limenyooka. Alitaka kulia, akaona haya kulia mbele ya chombo alichokitengeneza.

Jumapili iliyofuata Eunike alikuja na shangazi yake Anyesi, wamebeba ndizi. Walikaa kwenye kivuli cha ghala. Kilele cha Meru kilikuwa wazi siku hiyo, kiasi kwamba Efraimu aliweza kuona kwa macho upande ambao nyumba yake ilitakiwa iwe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekonda," Anyesi alisema, akageukia pembeni kumenya ndizi ambazo hakuna aliyemwomba amenye.

Efraimu alieleza yote. Eunike alisikiliza bila kumkatiza.

"Hiyo miiba aliiweka nani?"

"Mimi."

"Basi nani anakukataza kuing'oa?"

"Nikiing'oa karatasi zinateleza tena. Kuna mtu anaitwa Koikai, amebakiwa na wiki chache tu. Zikiteleza, anaanza upya."

"Mimi sijasema umfunge Koikai," Eunike alisema. "Nimeuliza unatoka lini. Baba ameshamkaribisha yule mjane chai mara mbili."

Zilikuwa zimebaki Jumamosi mbili kufika Pasaka.

Asubuhi ya Jumamosi ya kwanza Efraimu alifunga mlango wa ofisi, akang'oa miiba yote, akapachika mingine ovyoovyo, mirefu kwa mifupi. Karatasi zilichanika kama majani ya mgomba kwenye upepo. Jumamosi ya pili ikawa mbaya zaidi. Alimwandika Koikai wa mwisho, kama kawaida, na hakumtazama usoni. Koikai alimshukuru, kama kawaida.

Bwana Funguo alilifungua tumbo akakuta matambara. Alipiga kelele mpaka maksai wakainua vichwa.

"Miiba imekataa, Bwana," Efraimu alisema. "Hata sijui nilifanyaje mwanzo."

"Mjinga wewe! Ulibahatisha tu!"

"Nilibahatisha, Bwana."

Siku hiyohiyo aliandikiwa cheti cha kuachiliwa, kimechanika pembeni, akafukuzwa kama mbwa aliyeingia jikoni. Barua ikapelekwa Moshi kutafuta karani mwingine. Efraimu aliuvuka Themi kwa kukimbia. Jumatatu ya Pasaka alimwoa Eunike, na watu wa Nkoaranga wanasema hawajawahi kuona bwana harusi anayegeuka kutazama mlangoni mara nyingi vile.

Alipanda migomba. Alipanda kahawa kidogo kwa mbegu za misheni. Ilikuwa nyumba nzuri. Lakini hakuweza kusikia mtu akipasua kuni au kuvunja kijiti bila mkono wake kusimama kidogo, na Eunike alikuwa akiona, akanyamaza, maana lile neno la kuing'oa lilitoka kinywani mwake.

Mwezi wa Julai walishuka sokoni Arusha na kapu la ndizi. Walikuwa wameshauza nusu Efraimu aliposikia anaitwa, "Karani!" Alikuwa Koikai. Alikuwa amekonda, rubega imefifia, lakini uso umejaa furaha ya kweli.

"Nakutafuta kila siku ya soko! Nimekuja mara tatu."

"Umetoka shambani?" Efraimu aliuliza.

"Nitoke wapi? Karani wa Moshi ana mwandiko mzuri, lakini karatasi zake zinatembea. Nimeanza tena. Sasa si mimi peke yangu, tuko kumi na moja." Alisema hivyo bila lawama, kama anayeeleza habari za mvua. Kisha akatoa kwenye rubega kifurushi cha jani la mgomba lililokauka, akakifungua juu ya kiganja. Ndani kulikuwa na miiba ya mgunga, kama sitini hivi, minyoofu yote, urefu mmoja, imechomwa ncha. "Nilisikia ile yako iliharibika. Nikasema karani hakupata miiba mizuri, hii ya karibu na mto ni laini. Hii nimeichuma kule kwetu, magharibi, kwenye ukame. Nimeichagua mmoja mmoja. Wewe utatuonyesha tu kipimo."

Efraimu aliitazama. Angeweza kusema asante. Angeweza kusema atakuja siku moja. Eunike alikuwa amesimama pembeni yake, ameshika kapu.

"Haikuharibika," Efraimu alisema. "Niliing'oa mimi. Nilitaka kuoa."

Koikai alimtazama. Akamtazama Eunike, akalitazama kapu la ndizi, akairudia miiba yake. Mama mmoja akaja akauliza bei ya ndizi, akaondoka bila kujibiwa. Mwishowe Koikai alikifunga kile kifurushi vizuri, akamwekea Efraimu kiganjani, akamkunja vidole vyake juu yake kimoja kimoja.

"Basi unajua inavyorudishwa," alisema. Akaondoka. Alikuwa na ruhusa ya nusu siku tu.

Efraimu alibaki amesimama. Ncha moja ilikuwa imepenya jani na kumchoma, na hakuufungua mkono.

"Siku mia na themanini?" Eunike aliuliza.

"Bwana Funguo akiniona najua tena, hataniachia kwa hizo. Ataandika nyingine. Na nyingine."

"Najua."

Alilichukua kapu, akalijitwika kichwani na zile ndizi zilizobaki, akavuta pumzi.

"Twende kwanza nyumbani ubadili shati," alisema. "Utakwenda Jumatatu."