Nyekundu Peke Yake

Wakati wa vita, mji wetu wa Kindu ulipofungwa, treni ikasahau njia, kaka yangu mkubwa, niliyemwita Yaya, alikuwa na kifua kikuu. Kituo cha afya kilimpa dawa za aina nne, azimeze pamoja mbele ya muuguzi. Risasi zikakaribia, muuguzi akavuka mto, mlango ukafungwa. Muda si mrefu dawa za kituo zikaonekana sokoni, zimelala juu ya gunia karibu na mchele wangu. Dawa zilijua kukimbia kuliko sisi.

Muuzaji alizitenga kwa rangi. Kila mgonjwa alitaka nyekundu, maana ukiimeza, mkojo nao unakuwa mwekundu. Watu walisema ule njo ugonjwa unatoka.

"Mama, hii njo dawa yenyewe," muuzaji aliniambia. "Zingine zinaisindikiza tu."

"Kituo kilitoa nne, wewe unasifu moja. Mimi nauza mchele, baba. Anayesifu sana mchele wake ana mawe ndani."

Yaya, aliyekuwa kando yangu, alicheka mpaka akakohoa. "Acha, mdogo wangu. Mkojo hausemi uongo."

Akanunua nyekundu peke yake. Kikohozi kikapungua, akapata mashavu, akawa ananitania katika chumba kimoja tulicholala wote: "Muganga wa mchele, iko wapi mawe yako?" Kisha kikohozi kikarudi. Aliendelea kumeza, mkojo ukaendelea kuwa mwekundu, naye akaendelea kukauka. Tulimzika kwenye mvua, watu wachache; wengine walikuwa porini.

Mwaka huu ni zamu yangu ya kukohoa. Siku hizi dawa zote nne zimefungwa ndani ya kidonge kimoja, hakuna kuchagua. Nilikuwa nakigeuza mkononi pale kituoni, muuguzi, binti kijana, aliponiuliza nani mwingine aliwahi kuugua nyumbani. Nikamsimulia ya Yaya. Akakichukua kidonge kutoka mkononi mwangu.

"Subiri kwanza, mama. Moja peke yake haimalizi wadudu. Wanaobaki wanaizoea. Kama alikuambukiza hao, kidonge hiki hakitawaweza."

"Miaka yote hii wako kifuani mwangu?"

"Wanalala, mama."

Makohozi yangu yakapelekwa kwenye mashine. Jibu likarudi: nyekundu hainifai. Kuna dawa zingine, akasema, nazo ni za kumeza pamoja.

Nikajaribu kupatana naye kama bei sokoni. Labda mashine imechoka? Labda wamebadilisha kikopo cha makohozi? Akapima tena. Jibu halikupungua hata kidogo.

Yaya hakuacha shamba wala nyumba. Alichoniachia mimi kifuani, ndugu zetu wote wamenihakikishia kuwa hawakidai.